Sura ya Nne: Dole la Hubert

Nzabandora alianza na mawe, kwa sababu mawe hayakumkimbia.

Alipoingia Itebero saa nne asubuhi, watoto walirudi ndani, wanawake wawili waliokuwa wakitwanga waliacha michi ndani ya vinu, na mbwa mmoja tu ndiye aliyebaki barabarani kumtazama. Mtu wa mlima, amevaa kaki ya polisi, amebeba mfuko wa ngozi wa biro, ofisi ya serikali ya Masisi. Hakuna aliyehitaji kumuuliza ni nani. Alikuwa ametembea siku mbili tangu lori lilipomshusha Walikale, na kwa siku hizo mbili alikuwa amesema maneno labda ishirini, mengi yake kwa mtu wa mtumbwi.

Akaenda moja kwa moja kwenye dispansere, zahanati ya kijiji.

Ilikuwa nyumba nzuri. Hilo lazima lisemwe. Hatua ishirini urefu, hatua nane upana, msingi wa mawe ya mto, kuta za matofali ya kuchoma, paa la bati. Mwaka huo ulikuwa 1955, na nyumba ilikuwa imekamilika 1951, lakini hakuona ufa hata wa kupitisha ukucha. Akapiga magoti, akatoa kamba yake yenye mafundo, akaanza kupima mawe ya msingi moja moja, kutoka pembe ya mlango hadi pembe ya nyuma.

Ndani ya mfuko kulikuwa na faili ya Viateur Hakorimana, mwashi wa Muheto, aliyeomba kibali cha serikali cha kujenga kwa jina lake mwenyewe. Fundi asiye na kibali hicho alijenga chini ya jina la mtu mwingine maisha yake yote. Serikali ilidai nyumba moja iliyosimama miaka mitatu bila kupasuka, na orodha ya wafanyakazi kumi na wawili walioijenga, kila mmoja na dole lake gumba kwa wino. Hakorimana alitoa dispansere ya Itebero na madole kumi na mawili. Kibali kilikwisha kupigwa chapa. Kilingoja sahihi tu.

Ndipo barua ikafika, mistari miwili, bila jina. "Hubert wa Itebero alikufa 1949. Mwaka 1951 hakuweka kidole."

Hubert alikuwa wa saba kwenye orodha. Huko Walikale, Nzabandora alifungua kitabu cha hesabu ya watu akaona jambo la ajabu. Hubert alikuwa ameandikwa amekufa 1949. Kisha mwaka 1952 neno hilo lilikuwa limekatwa, na juu yake mtu ameandika kwa wino mwekundu: mtoro.

Basi Hubert alikuwa wapi? Kule Masisi watu walishatoa hukumu yao. Walisema Hakorimana alizika mtu chini ya msingi ili nyumba isianguke. Nzabandora hakuliamini neno hilo, lakini hakutumwa kuamini wala kukataa. Alizunguka msingi mzima akitafuta mahali palipofumuliwa na kujengwa upya. Hakupaona. Saruji ilikuwa ya msimu mmoja, mkono mmoja, pande zote nne.

Lakini kamba ilikuwa imemwonyesha kitu kingine. Alikuwa amepima mawe mia moja na arobaini, na hakuna lililozidi fundo la tatu. Hata pembeni. Alikuwa ameona kazi nyingine za Hakorimana, huko Kirotshe karibu na ziwa, na pale kila pembe ilikalia jiwe kubwa kama ndama. Watu wa mlima hujenga hivyo. Pembe kwanza, jiwe kubwa kwanza. Hapa pembe zilifumwa kwa mawe madogo, saba, nane, tisa, kwa taabu ambayo fundi hajitafutii bure. Na mto ulikuwa pale chini, umejaa mawe makubwa.

"Jambo, Papa Polisi," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa kapita, mkuu wa kijiji, Nestor, mtu wa miaka hamsini hivi, shati safi, msalaba wa shaba shingoni. Nyuma yake wanaume wengine walisimama mbali kidogo, umbali wa kusikia bila kuonekana wanasikiliza.

"Jambo, Papa Kapita."

"Ungetuma muntu mbele, tungekutayarishia mahali ya kulala."

"Nitalala mu dispansere. Nani alijengaka hii nyumba?"

"Siye."

"Siye njo nani?"

"Wanaume ya Itebero. Watu kumi na mbili, na ule fundi wa kwenu ya ku mulima. Majina iko mu karatasi, sivyo?"

"Iko. Ya kwanza ni yako."

"Unaona sasa!" Nestor akageuka kuwatazama wenzake, wakacheka kidogo kumsaidia.

Nzabandora hakucheka. Akaonyesha pembe ya nyumba kwa kamba. "Mawe ya pembe mulibeba namna gani?"

"Oh, Papa! Ile ilikuwa mateso. Mawe makubwa sana! Tulikata muti, tukafunga jiwe na kamba ya pori, watu wawili mbele, wawili nyuma. Bega yangu iko na alama mpaka leo."

"Onyesha."

Nestor alisita, kisha akavuta shati. Lilikuwa bega laini kama la padri.

"Ilipona," akasema.

"Naona. Ilipona muzuri." Nzabandora akafungua mfuko, akatoa kibati cha wino na karatasi nyeupe, akaviweka juu ya ngazi ya dispansere. "Leta kidole."

"Kidole niliweka zamani."

"Weka tena. Wino si chumvi, haitaisha."

Kapita akaweka dole lake. Nzabandora akalipuliza likauke, akaliweka karibu na lile la kwanza la orodha, akatoa kioo chake cha kukuzia. Hakuhitaji kutazama muda mrefu. Kwenye orodha mistari ilizunguka kama maji yanayoingia shimoni. Kwenye karatasi mpya mistari ilipanda na kushuka kama kilima. Tena lile la orodha lilikuwa dogo.

"Papa Kapita, kidole inaweza kukatwa, inaweza kuungua. Kugeuka haigeuke."

Nestor alifuta dole lake kwenye suruali.

"Kazi ilianza mwezi wa sita, ikaisha mwezi wa tisa. Hiyo miezi mulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

Nestor alitazama msitu nyuma ya nyumba ya mwisho, upande ambao njia iliingia chini ya miti na kupotea. Alitazama mara moja tu, kisha mkono wake ukapanda bila yeye kuutuma ukashika ule msalaba. Wale wanaume wa nyuma waliacha kuongea.

Nzabandora akafuata yale macho hadi kwenye njia. Akahesabu. Pale kijijini alikuwa amewaona vijana watano au sita wa miaka kumi na sita hivi, rika moja. Miaka minne nyuma wangekuwa na kumi na miwili.

"Vijana wenu walitahiriwa ku hospitali," akasema polepole, "ao mu jando?"

"Papa Polisi." Sauti ya Nestor ilikuwa imeshuka. "Ulikuja juu ya dispansere. Tafazali, baki mu dispansere."

"Padri anajua?"

"Padri akijua, anafunga masomo, ananitoa kwa ukapita, na wazee watatu hawatazikwa na kanisa. Unataka hiyo?"

"Jando haiko kazi yangu. Sitaiandika."

"Basi sina kitu ya kukuongeza. Tulijenga siye. Unaweza kuuliza kila mwanaume wa hapa, atakuambia ile ile."

Aliwauliza. Walikuwa tisa mbali na Nestor, kwa sababu mmoja alikuwa amehamia Walikale. Aliwaita mmoja mmoja kwenye ngazi, na kila mmoja alibeba jiwe kubwa kwa mti na kamba ya pori, wawili mbele, wawili nyuma. Mmoja akasema watatu nyuma, akatazamwa vibaya na wenzake, akarudi kwenye wawili. Kuhusu Hubert walisema alikuwepo, alifanya kazi, kisha akaondoka. Kwenda wapi? Mbali. Alikuwa na sura gani? Mrefu, alisema mmoja. Mfupi kidogo, alisema mwingine. Hakuna dole hata moja lililolingana na orodha.

Kufikia saa nane alikuwa na karatasi kumi za wino na uongo mmoja uliosemwa mara kumi. Hakuna aliyemletea chakula. Alikula karanga zake juu ya ngazi, peke yake, na kijiji kizima kikaendelea na shughuli zake kando yake kama maji yanavyopita kando ya kisiki.

Wanaume walikuwa msituni na wavulana. Hilo lilikwisha kueleweka. Lakini nyumba ilikuwa imesimama, na haikujijenga.

Saa kumi wanawake walirudi kutoka mashambani. Walikuja kwa mstari, migongo imeinama, kila mmoja na kitunga cha mihogo mgongoni kinachoshikiliwa na mkanda uliopita kwenye kipaji cha uso. Nzabandora aliwatazama wakipita. Kisha akasimama ghafla, karanga zikamwagika.

"Mama, simama kidogo. Naomba kupima."

Mwanamke wa mbele akasimama. Alikuwa mnene, mwenye macho ya mchezo. Nzabandora akapitisha kamba kwenye mdomo wa kitunga chake.

"Papa Polisi," akasema yule mwanamke, "unataka kununua kitunga ao mwenye kukibeba?"

"Mwenye kukibeba iko na bwana, Hélène!" mwenzake akapaza sauti. "Papa anunue kitunga tu."

"Bwana? Ule? Hata kwa kitunga mbili nitamubadilisha."

Walicheka wote. Nzabandora akatazama kamba. Mdomo wa kitunga ulifika fundo la tatu.

Kando ya ngazi palikuwa na mawe machache yaliyobaki tangu ujenzi, yamepangwa vizuri na kuota majani. Akachukua moja. Akamwomba Hélène amwage mihogo kwenye mkeka, akaliweka jiwe ndani ya kitunga. Liliingia kama yai kwenye kiota.

"Beba, Mama."

Hélène alichuchumaa, akaweka mkanda kwenye kipaji, akasukuma goti, akainuka. Shingo yake ilijipanga yenyewe. Hata hakupapasa kutafuta jiwe limekaa wapi. Alipiga hatua tatu kuelekea ukutani, upande wa pembe, ndipo akakumbuka anatazamwa. Akasimama.

Kicheko kilikwisha. Wanawake waliinua vitunga vyao wakaondoka bila kuaga, na Hélène alikusanya mihogo yake haraka huku akiangalia nyumba ya kapita.

Nyuma yao, hatua ishirini hivi, alikuja mwanamke mmoja peke yake. Hakuwa mzee. Alikuwa na kitunga kama wengine, lakini hakuna aliyemngoja wala aliyegeuka kumtazama. Alipofika karibu na dispansere, alimtazama Nzabandora usoni, wa kwanza kufanya hivyo tangu asubuhi.

"Ule ni nani?" Nzabandora alimuuliza Hélène.

"Ule?" Hélène hakuinua kichwa. "Ule iko bibi ya mutoro."

Nyumba ya Elisabeth, yule bibi wa mtoro, ilikuwa ya mwisho kijijini. Ilikuwa na kiti kimoja. Alimpa Nzabandora, yeye akakaa juu ya kinu kilichogeuzwa.

"Ulikawia," akasema. "Barua iko na miezi ine."

Nzabandora alikuwa bado hajafungua mfuko. "Wewe njo uliandika?"

"Mimi sijue kuandika. Nilienda ku Walikale, nikamupata karani moja wa soko. Alitaka kuandika mingi, juu ya Mungu na juu ya salamu. Nikamwambia, andika mistari mbili tu."

"Leta kidole, Mama."

Aliutoa mkono kabla hajamaliza kusema. Dole lilikuwa na kovu dogo lililokata mistari upande wa kushoto. Kwenye orodha, mbele ya jina la saba, kovu lile lile lilikata mistari ile ile. Nzabandora alitazama mara mbili kwa kioo, akafunga kibati cha wino.

"Kwa hiyo hii iko kidole yako. Jina iko ya bwana yako."

"Njo vile."

"Sema."

Akasema. Hubert alikuwa mwindaji. Mwaka 1949 alivuka mto siku maji yamejaa, na mto ukamchukua mbele ya macho ya watu wawili. Mwili haukupatikana. Karani wa kabila alimwandika amekufa, lakini hakuchukua buku lake la utambulisho, na Elisabeth akalihifadhi ndani ya kasha pamoja na mkuki wake. Miaka miwili baadaye fundi wa mlima alifika na barua ya serikali ya kujenga. Alitaka wanaume kumi na wawili wenye buku.

"Wanaume hawakuwa," akasema Elisabeth. "Usiniulize walikuwa wapi. Mwanamuke hajue. Fundi alikaa wiki nzima hapo chini ya muti, peke yake, na simenti yake inaharibika. Njo Hélène akamwambia: siye tuko. Akasema, nyinyi hamuna buku. Hélène akasema, buku iko ndani ya nyumba, bwana iko inje ya nyumba, shida iko wapi? Kila mwanamuke akaleta buku ya bwana yake."

"Na wewe ukaleta ya marehemu."

"Nikaleta."

"Juu ya nini? Hakuna mutu alikulazimisha."

Elisabeth alipangusa wino kwenye dole kwa pindo la nguo. Wino haukutoka.

"Wewe uko na bibi, Papa?"

"Alikufa."

"Basi unajua. Kabla ya ile kazi, nilikuwa nakaa siku tatu bila kusema na muntu. Kubeba mawe, tulikuwa kumi na mbili mu njia moja. Tulikuwa tunaimba. Fundi alikuwa anakula na siye, chungu moja. Ile miezi ine sikuwa peke yangu. Kama fundi angesema niweke vidole yote kumi, ningeweka."

Kisha mwaka 1952 biro ya Walikale ililinganisha orodha ya wafanyakazi na kitabu cha hesabu. Mtu aliyeweka dole 1951 hawezi kuwa amekufa 1949. Kwa hiyo hakufa, amekimbia kazi za barabara. Polisi walikuja wakapekua nyumba. Walirudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena, wakimuuliza anamficha wapi.

"Familia ya Hubert walikataa kunimalizia matanga," akasema. "Walisema, namna gani tutamaliza matanga ya muntu anaishi mu kitabu ya Bwana Mukubwa? Watatukamata na siye. Mwanaume moja wa Walikale alikuja kunioa. Mutu muzuri, mwenye mashamba. Padri akasema, bwana yako iko hai, kitabu inasema. Alingoja miaka mbili. Sasa iko na bibi na mutoto." Akatazama dole lake lenye wino. "Sina bwana, na siko mujane. Unielezee, Papa, mimi niko nini?"

Nzabandora alitazama lile jina la saba.

"Nataka Hubert akufe," akasema Elisabeth. "Njo hiyo tu. Akufe mu kitabu."

"Neno yako haitoshe, Mama. Bibi ya mutoro akisema bwana yake alikufa, biro inacheka. Kaburi hakuna. Wale watu wawili wa ku mto?"

"Moja ni Nestor, na mwingine iko mu orodha yako."

"Nestor leo ameniambia Hubert alibeba mawe."

"Lazima aseme vile. Akisema Hubert hakubeba, utamuuliza nani alibeba, na yeye alikuwa wapi."

"Kwa hiyo iko muntu moja tu. Fundi. Yeye aandike mwenyewe kwamba hakumwona Hubert." Nzabandora akafunga mfuko. "Akiandika vile, amekubali alidanganya serikali mu karatasi. Kibali hatapata. Na atafungwa, mwaka moja ao mbili."

Elisabeth alisimama kutoka kwenye kinu. "Nilifikiri watakata jina moja tu."

"Jina moja ikitoka, zote zinatoka."

Alikaa tena. Nje Hélène alikuwa akimwita mtu kwa sauti kubwa, na mtu huyo akaitika, na wakacheka.

"Naweza kusema barua haiko ya mukono ya muntu ninamujua," akasema Nzabandora. "Faili inafungwa. Unabaki vile uko."

"Hapana." Alisema bila hasira. "Umwambie njo mimi nilituma. Asifikiri iko adui yake."

Siku ya sita Nzabandora alikuwa Muheto, juu kwenye baridi. Alimkuta Viateur Hakorimana juu ya jukwaa la miti, akijenga ukuta wa shule. Mlangoni pa uzio palikuwa na ubao wenye jina la mkandarasi mmoja wa Goma aliyekuja pale, walisema, mara moja. Hakorimana alikuwa mwembamba, mvi zimeanza, na alijenga bila wasaidizi wa karibu. Vibarua walichanganya udongo upande wa pili wa uwanja.

"Papa Nzabandora! Umeleta kibali?"

"Shuka kwanza."

"Semea hapo, nasikia. Udongo unakauka."

"Hubert wa Itebero. Ulimwona?"

Mwiko haukusimama. "Nilimwona. Namba saba. Mwanaume murefu."

Nzabandora akafungua mfuko, akaandika. "Murefu. Alibeba nini?"

"Mawe."

"Gani?"

"Ya pembe."

"Namna gani?"

Hakorimana aliweka tofali, akaligonga kwa mpini, akalitazama.

"Mawe yako yote ya pembe yanaingia mu kitunga ya mwanamuke," akasema Nzabandora. "Nilipima. Fundo ya tatu."

Mwashi aligeuka. Kwa muda alionekana kama mtu aliyekamatwa, kisha uso wake ukafunguka, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Uliona! Miaka ine, hakuna hata moja aliona. Enjinyeri alikuja kukagua, akapiga ukuta teke, akasema muzuri. Hakuona. Kila pembe ilinikula wiki nzima, Papa. Jiwe kubwa linakaa lenyewe, lakini madogo lazima uyaombe moja moja." Akashuka jukwaani, akaketi kwenye rundo la matofali. "Haina ufa, sivyo?"

"Haina."

"Basi."

"Juu ya nini hukuandika wanawake?"

"Karani aliniambia, mufanyakazi ni mwenye buku. Mwanamuke hana buku. Ningengoja wanaume warudi, mvua ingemaliza simenti." Akapangusa mikono. "Nani aliandika ile barua? Huyu wa Goma?"

"Elisabeth."

Kicheko kilifutika usoni. "Elisabeth? Nilimfanya nini?"

Nzabandora alimweleza. Wino mwekundu, polisi wa kila mwaka, matanga yasiyomalizwa, mtu wa Walikale. Alieleza kwa kifupi, kama anavyosoma ripoti. Hakorimana alisikiliza huku akitazama viatu vyake.

"Anasema usifikiri iko adui yako," Nzabandora akamaliza.

"Alikuwa wa kwanza ku mto kila asubuhi," akasema Hakorimana. "Sauti yake njo ilikuwa inaanza wimbo." Kisha akauliza, "Sasa iko anakaa na nani?"

"Peke yake."

"Wale wengine? Hélène?"

"Wanapita mbele. Yeye anakuja nyuma."

Upepo ulipita uwanjani. Vibarua walikuwa wameacha kuchanganya, wakingoja kuambiwa kama waendelee. Hakuna aliyewaambia.

Nzabandora akaweka karatasi juu ya mfuko. "Sikiliza muzuri. Ukisema ulimwona Hubert, naandika vile, unatia sahihi, na kibali itatoka wiki hii. Itebero hakuna mwanaume atakupinga. Hubert anabaki mutoro. Ukisema hukumwona, umeandika jina ya muntu aliyekufa mu karatasi ya serikali, na mengine kumi na moja ya uongo. Unajua inaenda wapi."

"Miaka ngapi?"

"Hakimu njo anajua. Moja. Mbili."

"Na kibali?"

"Hutaomba tena."

"Kumi na saba," akasema Hakorimana. "Miaka kumi na saba najengea watu." Alitazama ukuta wake, mstari wa mwisho wa matofali ulionyooka kama uzi. "Wewe Papa, unafikiri nini?"

"Sikutumwa kufikiri. Naandika ile unasema."

"Iko kazi rahisi."

"Si rahisi."

Hakorimana aliokota kipande cha tofali, akakikuna kwa ukucha, akakiweka chini. Nzabandora hakumharakisha. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi, baada ya neno "murefu".

"Kata hiyo," akasema mwashi mwishoni.

Nzabandora akakata.

"Andika: Hubert sikumwona hata siku moja. Nilipofika Itebero, alikuwa amekwisha kufa miaka mbili. Bibi yake na wanawake wengine walifanya kazi juu niliwaomba mimi. Hapana, acha wanawake. Andika mimi tu. Majina niliandika mimi, vidole nilikubali mimi."

"Wanawake lazima niandike. Nyumba iko ya mikono yao."

"Basi andika walifanya kazi muzuri."

Nzabandora aliandika yote. Akasoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, kama sheria inavyotaka. Hakorimana akachukua kalamu, akatia sahihi, akairudisha.

"Ni lazima nikupeleke Masisi," akasema Nzabandora. "Lakini jua linashuka. Unaweza kulala kwako, uage watu, tutoke kesho asubuhi."

"Sina watu wa kuaga." Hakorimana alikuwa amesimama, akikunja mikono ya shati. "Ile kitabu ya hesabu. Watamwandika lini?"

"Nani?"

"Hubert. Kwamba alikufa."

"Siku karatasi hii inafika ku biro. Masisi wanapiga simu ya waya Walikale, karani anaandika."

"Tukitoka kesho, inafika kesho jioni, biro imefungwa. Inakuwa kesho kutwa."

"Ndiyo."

"Tukitoka sasa, iko kesho asubuhi."

Nzabandora alimtazama. "Iko."

Hakorimana akaosha mwiko wake ndani ya ndoo, akaukausha kwa shati, akaulaza juu ya ukuta ambao hangeumaliza. Akawapungia vibarua mkono waende nyumbani.

"Basi, tutoke sasa," akasema.

Akatangulia njiani.